UZI: Bangi katika mwili wa mwanamke, tangu kuvunja ungo hadi baada ya kukoma hedhi

Mfamasia wa Majengo:

Assalamu alaykum, na salamu kwa wanajukwaa wote wa Mombasa na viunga vyake.

Mwezi wa Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka, yale majani ya kutafunwa yanayochangamsha, na mji mzima ukaingia katika mabishano, nilisoma karibu kila kilichoandikwa humu. Mtumiaji aliyezungumziwa, awe wa muguka au wa bangi, alikuwa kijana wa kiume aliyekaa maskani. Dada yake, mkewe na mamake walitajwa kama watu wanaoumizwa na tabia yake, na kwa nadra sana kama watu ambao huenda wao wenyewe wanatumia. Mimi kazi yangu ni kuuza dawa, na kutoka nyuma ya kaunta ninaona mambo kwa namna nyingine.

Uchunguzi wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi. Kati yao wanawake walikuwa 43,037, yaani mmoja katika kila 333, ilhali kwa wanaume ni mmoja katika kila 26. Siidharau hesabu hiyo, wala sina shaka kwamba wanaume ndio wengi. Lakini mwanamke wa pwani anayeulizwa swali kama hilo mlangoni kwake, mavyaa yake yuko ndani na watoto wamesimama wanasikiliza, ana kila sababu ya kujibu hapana. Huyo aliyejibu hapana ndiye baadaye hunijia akitafuta dawa ya usingizi, ya kichefuchefu au ya maumivu ya tumbo, bila ya kunieleza anachotumia.

Hoja yangu katika uzi huu ni moja. Kuuliza kama bangi ina madhara au haina ni kuuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni kwamba anayetumia ni mwanamke wa umri gani, na mwili wake uko katika hali gani kwa wakati huo.

Niyaeleze kwanza yanayotokea mwilini, kwa sababu bila ya hayo mengine yote yataonekana kama vitisho. Kemikali inayolevya katika bangi hujulikana kwa herufi THC, na ilitengwa mwaka 1964 huko Israel na Raphael Mechoulam na mwenzake Yehiel Gaoni. Mwaka 1992 maabara ya Mechoulam iligundua kwamba mwili wa binadamu wenyewe hutengeneza kemikali inayofanya kazi kwa njia hiyo hiyo, iitwayo anandamaidi, na kwamba kemikali hiyo hushika vipokezi maalumu vilivyo juu ya seli zetu. Vipokezi hivyo vimejaa ubongoni, lakini vimo pia katika ovari, katika kizazi na katika kondo la nyuma, na mwili huvitumia kupanga mambo kama vile wakati wa yai kupevuka na wakati wa mimba changa kujishikiza. THC huingia na kuvikalia vipokezi vile vile, kwa nguvu na kwa muda ambao mwili haukuupanga. Aidha, THC huyeyuka katika mafuta na hujificha humo, hivi kwamba kwa mtu anayetumia kila siku inaweza kuonekana katika mkojo wiki kadhaa baada ya msokoto wa mwisho.

Nguvu ya bangi yenyewe pia imebadilika. Sampuli zilizonaswa Marekani zilikuwa na wastani wa takriban asilimia 4 ya THC mwaka 1995, na kufikia mwaka 2014 wastani huo ulikuwa umepanda hadi takriban asilimia 12. Anayesema kwamba marehemu nyanya yake alitumia na hakudhurika hazungumzii kitu kile kile kinachouzwa leo.

Jambo jingine linalonikera ni kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua tumeyapata kutokana na miili ya wanaume. Utafiti unaotajwa zaidi kuhusu bangi na maradhi ya akili ulitoka Sweden mwaka 1987. Uliwafuatilia vijana 45,570 walioandikishwa jeshini, na ukaonyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara hamsini walikuwa na hatari mara sita ya kupata skizofrenia kuliko wasiovuta. Wote walikuwa wanaume. Huko Marekani, mwongozo wa mwaka 1977 uliwaondoa wanawake walio katika umri wa kuzaa katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na ilifika mwaka 1993 ndipo sheria ikataka wanawake wahusishwe katika tafiti zinazogharimiwa na serikali. Kwa hiyo ninapoandika hapa chini kwamba ushahidi ni mdogo, msomaji asielewe kwamba hatari ni ndogo.

Nianze na msichana. Ubongo huendelea kujijenga hadi takriban umri wa miaka 25, na sehemu ya mbele, inayohusika na kupima matokeo na kujizuia, ndiyo ya mwisho kukamilika. Bangi inapoanza kutumiwa kabla ya hapo, na hasa ikitumiwa kila siku, hatari ya kuzorota kumbukumbu, kuacha shule, kushuka moyo na kupatwa na wazimu wa muda au wa kudumu ni kubwa kuliko kwa aliyeanza ukubwani. Utafiti wa mji wa Dunedin, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2012, ulisema kwamba walioanza ujanani na kuendelea kwa miaka walipoteza hadi pointi 8 za kipimo cha akili. Matokeo hayo yamebishaniwa sana, hasa na waliochunguza mapacha, na mimi singependa mzazi amtishe bintiye kwa takwimu hiyo peke yake. Lililo na uzito zaidi kwa wasichana ni kasi. Wanawake huwa wachache kuanza, lakini wakishaanza, muda kati ya matumizi ya kwanza na kushindwa kuacha huwa mfupi kuliko wa wanaume. Tafiti za panya zinaonyesha kwamba homoni ya estrojeni huongeza wepesi wa mwili kuathiriwa na THC, na huenda hiyo ni sehemu ya sababu.

Zamani msichana akivunja ungo alikuwa na somo wake wa kumkalisha chini na kumfundisha mambo ya mwili. Somo wa leo, pale alipo, hufundisha ya ndoa. Ya bangi msichana huyapata kwenye simu na kwa wenziwe, na mara nyingi humfikia kama biskuti au keki isiyo na harufu wala moshi wa kumtia mashakani nyumbani. Ningewaomba wazazi waielewe vyema tofauti hii, kwa sababu bangi ya kuliwa huchukua nusu saa hadi saa mbili kabla ya kuhisiwa. Msichana hula kipande, haoni kitu, akaongeza cha pili na cha tatu, kisha vyote vikamshukia kwa pamoja. Ini nalo huigeuza THC iliyoliwa kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi, na hali hiyo inaweza kudumu saa sita au zaidi. Akifikishwa hospitali moyo ukimwenda mbio na akisema anakufa, usiwafiche wahudumu alichokula.

Kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, athari ya kwanza ni katika mzunguko wa hedhi. THC hudhoofisha ishara zinazotoka ubongoni kwenda kwenye ovari, ikiwemo homoni inayochochea yai kuachiliwa, na kwa hivyo mzunguko unaweza kurefuka au mwezi mmoja ukapita bila ya yai kupevuka. Wengi hawatalitambua hilo. Atakayelitambua ni yule anayetafuta mtoto kwa muda mrefu, anayekunywa kila dawa ya mitishamba aliyoelekezwa, na ambaye hakuna aliyemuuliza kuhusu msokoto wa jioni, wake au wa mumewe. Ndiyo, wa mumewe pia, maana bangi inahusishwa na upungufu wa mbegu za kiume, na katika mji wetu mzigo wa kukosa mtoto huanguka kichwani mwa mke kabla mume hajapimwa chochote.

Sasa nifike kwenye mimba, na hapa nitakaa kidogo.

Alikuja kemisti mwanamke mwenye mimba changa, amevaa buibui, macho yameingia ndani kwa kuishiwa na maji. Alitaka dawa ya kuzuia kutapika. Alikuwa amekwisha kujaribu tangawizi, ndimu kwa chumvi, na tembe alizoandikiwa na daktari, na vyote vilitoka. Nilimuuliza kama kuna chochote kinachompa nafuu. Alisema ni maji ya moto peke yake: huchemsha sufuria nzima, akajimwagia bafuni hadi tumbo na kiuno vikageuka vyekundu, na usiku huamka akarudia tena watu wa nyumbani wakiwa wamelala. Ilikuwa kaskazi, wakati ambapo sisi wengine tulikuwa tunaoga maji ya mtungi na bado tunatoka jasho. Nikamsogeza kando, penye mizani, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anavuta au kula kitu chochote. Alichezea ncha ya mtandio kwa muda, kisha akasema kwamba huvuta kidogo kila jioni, kwa kuwa rafiki yake alimwambia bangi hutuliza kichefuchefu cha mimba. Kliniki alikuwa ameulizwa kuhusu sigara na pombe. Kuhusu bangi hakuulizwa.

Nafuu ya maji ya moto ndiyo iliyonifanya niulize. Upo ugonjwa wa kutapika kusikokoma unaowapata baadhi ya watumiaji wa muda mrefu, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na madaktari wa Australia mwaka 2004, na alama yake mashuhuri ni mgonjwa kukimbilia maji ya moto mara kwa mara. Kinachosikitisha ni kwamba bangi hiyo hiyo kwa kiasi kidogo huzuia kichefuchefu, kwa hivyo mgonjwa huongeza akidhani anajitibu. Kwa mjamzito ni rahisi mno hali hiyo kudhaniwa kuwa ni mimba tu. Nilimwelekeza hospitali akatiwe maji, na nikamwandikia kikaratasi cha kumpa daktari ili asilazimike kulitamka jambo lile mbele ya foleni.

Kuhusu mtoto aliye tumboni, THC hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia. Anayevuta huongeza juu yake kaboni monoksaidi, ambayo moshi wa bangi unayo kama wa sigara, na ambayo humpunguzia mtoto oksijeni. Taasisi za kitaifa za sayansi za Marekani, katika ripoti kubwa ya mwaka 2017, zilihitimisha kwamba upo ushahidi mzito unaohusisha uvutaji wa bangi katika mimba na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Utafiti wa jimbo la Ontario nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2019 na uliojumuisha wanawake zaidi ya 660,000, ulionyesha kwamba asilimia 12 ya waliosema walitumia bangi walijifungua kabla ya wakati, ikilinganishwa na asilimia 6.1 ya wasiotumia. Wako watakaosema kwamba watumiaji hao huenda pia walivuta sigara au walikuwa maskini zaidi, na ni kweli wengi walikuwa hivyo. Lakini hata baada ya watafiti kuwalinganisha wanawake wenye hali zinazofanana, hatari ilibaki juu kwa takriban asilimia 41. Kwa ukuaji wa akili ya mtoto baada ya kuzaliwa, matokeo yanagongana zaidi, ingawa mengi yanaelekeza kwenye matatizo ya umakini.

Baada ya kuzaa, mama hukaa arubaini, hukandwa kwa maji ya moto, hupewa uji wa pilipili manga, na kila mtu huchunga anachokula kwa ajili ya maziwa. Bangi haimo katika hesabu hiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulipima sampuli 54 za maziwa ya wanawake 50 waliotumia bangi, na THC ikaonekana katika asilimia 63 ya sampuli hizo, nyingine zikiwa zimekamuliwa takriban siku sita baada ya matumizi. Kukamua na kumwaga maziwa ya saa chache, kama wengine wanavyoshauriana, hakusaidii, kwa kuwa kinachotoka katika mafuta ya mwili hutoka polepole. Inayopaswa kuachwa ni bangi. Kumwachisha mtoto ziwa ghafla bila ya ushauri ni kumwongezea madhara mengine.

Ya kukoma hedhi na uzee nitayaandika nikiulizwa, maana uzi umekwisha kuwa mrefu.

Mwana wa Likoni:

Bi Mfamasia, ninakuheshimu kwa elimu yako, lakini naona umeegemea upande mmoja. Bangi ni mmea ulioumbwa, na imetumika kama dawa kwa wanawake tangu zamani. Nimesoma kwamba hata Malkia Victoria wa Uingereza alipewa kwa ajili ya maumivu ya hedhi. Kama ilimfaa malkia, kwa nini isimfae dada wa Likoni ambaye kila mwezi hulala siku mbili hawezi kuinuka?

Mfamasia wa Majengo:

Kaka, hoja yako ina sehemu mbili, nami nazikubali nusu nusu. Daktari wa nyumba ya kifalme, John Russell Reynolds, aliandika mwaka 1890 katika jarida la The Lancet akiisifu bangi kwa maradhi kadhaa, na matumizi yake kwa maumivu ya hedhi yalijulikana wakati huo. Kwamba malkia mwenyewe alipewa ni hadithi isiyo na ushahidi. Lakini tuseme alipewa: yalikuwa matone ya dawa yaliyopimwa na daktari aliyekuwa akimwona mgonjwa wake, ilhali msokoto ulionunuliwa gizani hakuna ajuaye una nguvu kiasi gani wala umechanganywa na nini.

Kuhusu dawa, wala sikatai. Ripoti ile ile ya 2017 ilikubali kwamba kuna ushahidi mzuri wa bangi kupunguza maumivu sugu kwa watu wazima, na tembe za THC zilizotengenezwa maabara zimeidhinishwa Marekani tangu 1985 kwa wagonjwa wanaotapika kwa sababu ya dawa za saratani. Kwa maumivu ya hedhi yenyewe, majaribio ya maana ni machache mno. Dada wa Likoni aanze na ibuprofeni, na siri yake ni kuimeza mapema, damu inapoanza au siku moja kabla, pamoja na chakula, mradi hana vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, wala ugonjwa wa figo. Akiwa bado hawezi kuinuka, basi ana haki ya kuchunguzwa kama ana uvimbe wa kizazi au endometriosisi, yaani utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake. Maumivu ya kumlaza mtu siku mbili kila mwezi si mambo ya kawaida ya wanawake, na bangi ikiyafunika, ugonjwa unaendelea chini kwa chini.

Ummu Nasra:

Dada, Mungu akulipe kheri. Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano. Alikuwa akivuta na wenziwe hadi mwezi wa tatu, kabla hajajua kwamba amebeba, na tangu ajue ameacha kwa siri lakini halali kwa hofu. Anaogopa kumwambia mkunga kwa sababu amesikia kwamba atapelekwa polisi. Nimshauri nini?

Mfamasia wa Majengo:

Ummu Nasra, mpe pongezi kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu jambo muhimu zaidi amekwisha kulifanya. Takwimu nilizoandika hapo juu zinazungumzia makundi ya watu, hazimhukumu mtoto mmoja, na wanawake wengi waliotumia mwanzoni mwa mimba huzaa watoto wazima. Kilichobaki ni kuhudhuria kliniki bila ya kukosa, mtoto apimwe ukuaji wake, na yeye ale vizuri na anywe tembe za madini ya chuma anazopewa.

Amwambie mkunga. Bangi ni kosa la jinai nchini mwetu chini ya sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya, hilo sitalipamba. Lakini Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na mhudumu hana ruhusa ya kuitoa ila kwa ridhaa yake, kwa amri ya mahakama au kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Mkunga huuliza ili ajue namna ya kumhudumia. Kama mkunga wa kwanza ana ulimi mkali, amtafute mwingine, wapo wenye busara.

Kukosa usingizi, hasira za karibu, njozi za kutisha na kukosa hamu ya kula ni dalili za kawaida za kuacha. Huanza ndani ya siku moja au mbili, hukaza katika wiki ya kwanza, na kwa wengi huisha baada ya wiki mbili au tatu, ingawa wanawake huripoti kuumwa tumbo na kuwashwa na hasira kuliko wanaume. Wifi yako ameacha tangu mwezi wa tatu, kwa hivyo hofu inayomnyima usingizi sasa yenyewe inahitaji kuzungumzwa na mhudumu. Ninaongeza jambo moja kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa, maana pwani yetu ina tatizo hilo: bangi mjamzito anaweza kuiacha siku hiyo hiyo, lakini anayetumia heroini asiache ghafla, kwa sababu mshtuko wa kuacha unaweza kuiharibu mimba. Huyo aende hospitali aelekezwe kwenye methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, na kliniki ya huduma hiyo ipo Kisauni. Simu ya msaada ya NACADA ni 1192, na hailipishwi.

Mtazamaji wa Bondeni:

Mimi naona uzi huu unahatarisha zaidi ya unavyosaidia. Jambo lililoharamishwa na dini na kukatazwa na serikali halihitaji kuelezwa kwa vipimo na asilimia. Mwambieni binti aache, basi. Mkianza kusema wanawake wengi waliotumia wamezaa watoto wazima, atakayesoma atabakia na maneno hayo tu.

Mfamasia wa Majengo:

Nakuelewa, na katika hukumu ya dini sina ninaloongeza, wenye elimu yake wapo. Lakini sentensi ile nilimwandikia mwanamke ambaye tayari ameacha na ambaye hofu inamzuia kurudi kliniki. Kumtisha zaidi ni kumfungia mlango. Katika hili naona tutabaki kila mmoja na mtazamo wake.

Nyanya wa Tudor:

Mwanangu Mfamasia, mimi nina umri wa miaka 58, natumia dawa ya presha, na tangu hedhi ikome usiku ni vita. Joto linanipanda kutoka kifuani hadi utosini, shuka zinalowa, na feni ya dari ni kama haipo. Mjukuu wangu anayeishi ng'ambo ameniletea chupa ya mafuta, anasema ni CBD, hayalevyi, huko wanawake wa umri wangu wanayatumia. Je, niyatumie?

Mfamasia wa Majengo:

Shikamoo, nyanya. Mjukuu amekuletea kwa nia njema, na ni kweli kwamba CBD, ambayo ni kemikali nyingine ya bangi, hailevyi kama THC. Ni kweli pia kwamba huko ng'ambo wanawake wengi waliokoma hedhi wanaitumia kutafuta usingizi. Kutumiwa na wengi na kuthibitishwa ni mambo mawili, nyanya. Kwa lile joto la ghafla hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba inasaidia, na mafuta yanayouzwa mitandaoni mara kwa mara hupimwa yakakutwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye chupa, pengine na THC ndani yake.

Wasiwasi wangu kwako ni dawa. CBD huingilia namna ini linavyosaga dawa nyingine, na kwa anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda inaweza kuzidisha nguvu ya dawa hiyo hadi damu ikavuja. Ikiwa kuna THC, moyo hudunda kwa kasi na presha huweza kushuka ghafla unaposimama, na juu ya dawa zako za presha hapo ndipo mtu huanguka akielekea chooni usiku. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2001 ulikadiria kwamba katika saa ya kwanza baada ya kuvuta, hatari ya mshtuko wa moyo hupanda mara 4.8. Mwaka 2016 watafiti wa Edinburgh nao walikuta kwamba wavutaji wakubwa wana mifupa yenye uzito mdogo kuliko wasiovuta, na mwanamke aliyekoma hedhi tayari anapoteza mifupa kwa kupungukiwa na estrojeni. Kuanguka na mfupa dhaifu havipatani.

Weka chupa kando, na ukienda kliniki ya presha ichukue uwaonyeshe. Waulize waziwazi kuhusu tiba ya homoni, kama presha yako imetulia na huna historia ya saratani ya matiti au damu kuganda, na waulize pia kuhusu dawa zisizo za homoni zinazopunguza joto hilo, maana zipo. Wanawake wa umri wako huambiwa wavumilie. Ukiambiwa hivyo, uliza tena.

Mama Wawili:

Asante kwa uzi. Nina uvimbe wa kizazi na nimepangiwa upasuaji. Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikila biskuti za bangi usiku kwa sababu ya maumivu, na hakuna anayejua, hata mume wangu. Je, jambo hili linahusu upasuaji, au ninaweza kunyamaza hadi yaishe?

Mfamasia wa Majengo:

Linahusu sana, dada, na wa kuambiwa kwanza ni daktari wa usingizi. Anayetumia bangi mara kwa mara anaweza kuhitaji dawa nyingi zaidi ili alale na abaki amelala, na baada ya kuzinduka huwa na maumivu zaidi. Asiyejua hilo atakupimia kama mtu mwingine yeyote. Chama cha wataalamu wa ganzi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2023 unaotaka kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya upasuaji, na upasuaji usio wa dharura uahirishwe kwa angalau saa mbili kama mtu amevuta. Biskuti hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hivyo usile usiku wa kuamkia siku hiyo, na ni vyema uanze kupunguza sasa ili dalili za kuacha zisikukute wodini ukiwa na mshono.

Omba kumwona peke yako. Ni haki yako, na mume akiwa amekusindikiza mwombe muuguzi akuite ndani bila yeye. Mwambie daktari ni kitu gani, kwa njia gani, mara ngapi kwa wiki, na lini mara ya mwisho. Kama ni vigumu kuyatamka, yaandike kwenye karatasi na umpe mkononi.

Maumivu ya wiki hizi kabla ya siku yenyewe usiyabebe peke yako. Mwambie daktari wa uzazi kwamba unaacha biskuti na unahitaji kitu mbadala, na umuulize ni dawa zipi usizimeze karibu na upasuaji, kwa sababu baadhi ya dawa za maumivu huongeza kutoka damu.

Mama Wawili:

Nina miadi Jumanne. Nitaandika karatasi.